Chai Imeungua

Shambani, 3 Julai

Wifi, shikamoo.

Uliponikatia simu ulisema kama bado nina neno niliandike. Ni kweli, sisi wawili kwenye simu hatuzungumzi, tunafokeana, na Bonge akisikia sauti yako tu anaanza kulia. Basi naandika. Yuko mapajani mwangu, ukiona mwandiko unaruka ujue amenipiga teke.

Chai imeungua. Mistari ya bondeni imeungua yote, kuanzia kijitoni mpaka njiani. Ya juu imeungua sehemu sehemu, kwingine imepona. Sikuweza kufanya chochote, nilipoamka ilikuwa tayari.

Nakuomba usimwambie mdogo wako kwanza, nitamwandikia mwenyewe nikipata utulivu. Na usifanye haraka ya jambo lolote mpaka tuone.

Mtoto anakohoa lakini ananyonya.

Mke wa mdogo wako

*

Mjini, 9 Julai

Mama Bonge,

Marahaba yako nimekuwekea, utaichukua siku utakayokuwa na adabu.

"Chai imeungua, nilipoamka ilikuwa tayari." Hivyo ndivyo mtu anavyoandika habari za shamba la watu? Hivyo ndivyo mtu anavyosema uji ukishika chini ya sufuria. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipoandika nani kawasha, sikupaona. Basi nakuuliza mimi. Uliwasha nini? Nilikuambia tangu ulipoolewa, majani makavu hayachomwi karibu na mistari, ukaitikia "ndiyo wifi" kwa ile sauti yako ya kumtoa mtu mlangoni. Moto umetembea toka kijitoni mpaka njiani na wewe umejifunika blanketi.

Mama yetu alipanda ile chai akiwa na mimba ya huyo mumeo. Alikuwa akitapika katikati ya mistari, anajifuta mdomo, anaendelea. Mimi ndiye niliyembebea miche. Wewe umekaa nayo misimu miwili umeifanya mkaa.

Mdogo wangu nimeshamwandikia. Mwenye trekta nimeshaongea naye pia, ni mteja wangu, namshonea suruali. Mwezi wa nane atapanda huko ang'oe visiki vyote, bondeni na juu, tupande viazi. Nyumbani hapo atakaa mtu wa kuangalia viazi. Wewe na mtoto mtakuja kwangu, kuna kile chumba cha nyuma. Kazi haitakosekana, vifungo na mapindo havijishoni vyenyewe.

Usinijibu kwa machozi. Karatasi ikilowa haisomeki.

Dada wa mumeo

*

Shambani, 14 Julai

Wifi, shikamoo, na hiyo marahaba endelea kuitunza.

Hapakuwa na moto. Hakuna aliyewasha kitu. Ni baridi.

Kwetu nilikozaliwa, baridi ikiipiga chai tunasema imeungua, hata mtoto anayejifunza kusema analijua neno hilo. Sikujua kwamba kwenu kuungua ni kwa moto tu. Ningejua ningekuandikia maneno mengi zaidi, lakini nilikuwa na mtoto mkono mmoja na kalamu mkono mwingine.

Ile asubuhi nilifungua mlango nimwage maji nikakuta shamba lote jeupe, utadhani limepakwa chokaa. Lilipendeza, Mungu anisamehe, hata nikamwinua Bonge atazame. Umande ulikuwa umeganda juu ya kila jani. Jua lilipolifikia shamba weupe ukaondoka, na majani yakabaki yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Kufikia jioni yalikuwa ya kahawia, ukiyashika yanavunjika. Huo ndio moto niliouwasha.

Bwana shamba alipita, akakaa kizingitini nikamuuliza maswali huku nanyonyesha. Anasema chai ikijiwa na baridi kidogo kidogo hujiandaa. Huacha kuchipua, vichipukizi hufumba, majani huwa magumu na kuingia wekundu. Ndani ya jani hujiwekea sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Nilitafuna jani la juu lililopona, na kweli, baada ya ule uchungu unakuja utamu kidogo. Majani ya bondeni yalikuwa laini, yamejaa maji, hayakujiandaa. Halafu baridi ni kama maji, inateremka na kujikusanya kule chini.

Lakini jani si mti. Juu nimekwangua gome kwa ukucha, ndani ni kijani. Tusubiri mvua tuone. Trekta lisije.

Na chumba chako cha nyuma nakijua, dirisha lake linatazama ukuta. Mimi nina nyumba yangu na chai yangu, na mtoto wangu amezoea kuamka akaona mbali. Siji.

Mke wa mdogo wako

*

Mjini, 20 Julai

Mama Bonge,

Kumbe siku hizi chai inajitia sukari yenyewe. Mwambie bwana shamba wako aifundishe kujitia na maziwa, sisi tubaki na kazi ya kunywa tu.

Baridi inaunguza. Sawa. Kesho utaniandikia kwamba moto umegandisha nguo kwenye kamba. Mimi nimekulia kwenye hilo shamba mpaka nikaolewa, nikachuma mpaka vidole vikawa vyeusi, sijawahi kuona chai ikifa kwa baridi. Umekuja wewe, na baridi nayo imekufuata toka kwenu.

Mtaa mzima nimeshauambia ni moto. Wateja wamenipa pole. Jirani yangu muuza mkaa amelia kuliko mimi, sijui kwa nini, labda aliona mali inapotea. Sasa nianze kupita mlango kwa mlango niseme hapana jamani, ilikuwa barafu, ni wifi yangu hajui kuandika?

Halafu mbolea. Mwezi wa tano nilikuletea magunia, nikakuambia itie yote ili chai ichipue vizuri kabla ya baridi. Uliitia, au ilikwenda kwa ndugu zako?

Hayo majani makavu yakate yote ukimaliza kusoma barua hii. Watu wapitao njiani wasiendelee kuitazama aibu yetu. Shamba la mama yangu halikai na nywele timutimu.

Trekta liko palepale.

Dada wa mumeo

*

Machimboni, 25 Julai

Mama Bonge,

Salamu. Nimepata barua ya dada anasema umechoma shamba, kisha ya kwako unasema ni baridi, kisha ya dada tena anasema moto au baridi ni mamoja, chai haipo. Huku tunafanya kazi chini ya ardhi, ni joto tupu, mtu anayetoka jasho namna hii hawezi kuamua kesi ya baridi.

Dada ndiye mkubwa, kauli ni yake. Lakini na wewe ndiye uliye hapo. Kwa hiyo mtakavyoelewana, mimi nimekubali. Msigombane tu.

Bonge ameota meno?

Baba Bonge

*

Shambani, 31 Julai

Wifi, shikamoo.

Majani makavu sikati. Baridi haijaisha, asubuhi ndoo inashika ngozi ya barafu juu. Hayo majani unayoyaonea aibu ndiyo blanketi la yaliyo chini yake. Nikikata sasa, chai itadhani imeamshwa itoe vichipukizi, na baridi itavikuta vingali vichanga. Mimi nina kichanga ndani ya nyumba. Hilo sihitaji bwana shamba anieleze.

Mbolea niliitia. Bondeni kote, mstari kwa mstari, mtoto mgongoni, mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Juu sikufika kwa sababu Bonge alishikwa na homa. Magunia yaliyobaki yako nyuma ya mlango wa jikoni, njoo uyaguse. Kisha tazama palipoungua zaidi ni wapi. Ile mbolea iliinenepesha chai wakati ilipotakiwa kujikaza. Sisemi ni wewe peke yako. Wewe uliagiza, mimi nilitia.

Sasa nina jingine, na nakuomba usikunje karatasi kabla hujafika mwisho.

Barua yako ya mwisho nimeisoma kwa shida. Herufi zimekuwa kubwa, na mistari inapandana, wa pili umekalia wa kwanza. Lile shati ulilomshonea Bonge mwezi wa tano, kifungo kimoja kimeshonwa upande wa ndani. Nilicheka nikadhani ulikuwa na haraka. Sasa sicheki. Wewe si mtu wa kushona kifungo ndani.

Wifi, unaona vizuri? Kama unanitaka mjini nikutungie uzi kwenye sindano, niambie hivyo kama mtu na wifi yake, nitakujibu kama wifi. Lakini usining'olee chai ili nikose pa kukaa, halafu uite huo msaada.

Mke wa mdogo wako

*

Mjini, 7 Agosti

Macho yangu umeyasikia kwa nani? Nimeshona sare za shule nzima wewe ukiwa hujui kufunga kamba za kiatu. Kifungo cha ndani ni mtindo. Kama huujui, mvue mtoto hilo shati ulirudishe.

Unasema "uite huo msaada". Kwani si msaada? Nilikupa chumba, umenirudishia matusi ya macho.

Nilitaka trekta lije mwisho wa mwezi, nilikuonea huruma. Sasa linakuja wiki ijayo, na mimi nakuja nalo. Hicho kijani chako kama kipo nitakiona mwenyewe. Kama hakipo, funga mizigo.

Dada wa mumeo

*

Shambani, 17 Agosti

Baba Bonge,

Bonge ameota meno mawili ya chini na ananing'ata. Nimekujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo pekee ulilouliza.

Dada yako alikuja. Alikaa juu ya trekta kando ya dereva, mkoba mapajani, amenyooka kama anapelekwa kuapishwa. Aliposhuka hakunisalimu.

"Ingia ndani, mtoto atapata baridi," akasema.

"Kumbe baridi ipo," nikamwambia.

Dereva akazima injini. Dada yako akageuka. "Nani kakuambia uzime?"

"Mama, mimi wanawake wawili wakisemezana hivi nazima hata redio."

Nikambeba Bonge mgongoni, tukateremka bondeni kwanza. Pale nilikwangua gome mbele yake, usawa wa kiuno, mti huu na ule. Ndani kahawia. Kwingine gome lilikuwa limepasuka lenyewe kwa baridi, linabanduka kama ngozi ya kidonda. Nilitafuta kijani nikakosa. Nikaona nikishikilia vyote nitanyang'anywa vyote. Nikamwambia, "Wifi, huku chukua. Juu niachie."

"Kwani nimekuja kuomba?" akasema. Lakini alimpungia dereva mkono, naye akaanza bondeni. Sikutazama. Sauti ya mizizi ikikatika niliisikia kwenye nyayo.

Nikampandisha juu. Nikakwangua tawi, nikamwambia atazame. Aliinama mpaka pua ikataka kuligusa.

"Sioni kitu."

"Pana kijani, wifi."

"Wewe hata mavi ya mbuzi kwako ni kijani."

Nikamshika kidole gumba nikakiweka pale nilipokwangua, ausikie ubichi. Alitaka kukivuta, sikukiachia. Tukasimama hivyo, mtu na wifi yake, tumeshikana kidole kama watoto wanaogombania pipi.

"Ni umande," akasema.

Nikakwangua kwingine, upande wa jua, palipokwisha kukauka umande. Akagusa. Akaenda mti wa pili bila mimi, akakwangua kwa ukucha wake mwenyewe, akakanda kwa kidole, akakinusa. Kisha mti wa tatu. Alikuwa anakwangua kama mtu anayemtafuta mtu. Nilimwacha.

Dereva akaita toka chini, "Huku tayari, nipande?"

Dada yako aliendelea kukwangua mpaka dereva akaita tena. Kisha akasema, "Nitakuambia." Akapanda trekta, wakaondoka. Hata maji hakunywa. Dereva anasema akipewa neno siku yoyote anarudi.

Baba Bonge, dada yako haoni. Mimi nikimwambia anasikia tusi, kwa hiyo utamwambia wewe. Na lile jibu lako la "mtakavyoelewana" nimekurudishia humu ndani ya bahasha, nimelikata kwa mkasi. Andika jingine.

Mama Bonge

*

Mjini, 29 Agosti

Mama Bonge,

Naandika herufi kubwa ili wewe usome bila shida, maana inaonekana barua zinakutaabisha.

Usitangaze huko kwamba umenishinda. Nilichogusa nimegusa, lakini utelezi wa gome si chai kwenye kikapu. Juu patasubiri mvua. Kukichipua, kaa na chai yako. Kusipochipua, trekta linapanda na sitaki kusikia habari za sukari. Bondeni nitaleta mbegu za viazi ardhi ikilowa, ulinipa mwenyewe mbele ya dereva.

Mdogo wangu ameniandikia habari za macho. Kurasa mbili, yeye ambaye hajawahi kumaliza moja. Mdomo wako ni mrefu, umefika mpaka chini ya ardhi.

Nimekwenda hospitali kwa sababu nilikuwa napita. Wamesema ni mtoto wa jicho, wataondoa upande mmoja kwanza. Nilicheka pale pale mbele ya daktari. Kumbe na mimi nina mtoto anayeninyima usingizi, na wangu hata hanyonyi.

Si ugonjwa wa kuhitaji mtu chumba cha nyuma. Jirani muuza mkaa atanipikia. Chakula kitakuwa na vumbi lakini vumbi lenyewe sitaliona.

Marahaba.

Dada wa mumeo

*

Shambani, 9 Oktoba

Wifi, shikamoo.

Muuza mkaa amenipigia kuniambia jicho limefunguliwa bandeji na kwamba jambo la kwanza uliloona ni uchafu wa dirisha lake. Nimeshukuru.

Mvua imeanza. Juu kumechipua. Si sehemu sehemu, ni mistari yote, hata pale palipoungua vibaya, majani mawili na kichipukizi kama inavyotakiwa. Majani makavu nimeanza kuyaondoa sasa, ndio wakati wake. Trekta lisije, na neno hilo likae hivyo.

Lililobaki ni gumu, nimelianza mara nyingi nikalala kabla ya kulimaliza.

Vile visiki vya bondeni, alivyovirundika dereva kando ya kijito, vimechipua. Mizizi iko juu hewani, udongo wote umedondoka, vimelaliana kama kuni, na bado vimechipua. Vimechipulia chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini. Mimi nilikwangua usawa wa kiuno. Nilikuwa na mtoto mgongoni, kuinama kulinichosha, nikaona pale panatosha kunipa jibu. Kumbe vilikuwa vimejirudisha chini, vimekaa kimya, vinasubiri. Wewe ulipunga mkono, lakini aliyesema "chukua" ni mimi. Alipovipanda mama yenu akitapika alikuwa amechoka kuliko mimi, na aliinama.

Sikuandikii ili ulie, jicho bado bichi. Nakuandikia kwa sababu sasa unaona, na ukija utaviona, nami sitaki uvikute bila kuambiwa.

Nimefukia nilivyoweza kuvikokota. Bonge anakaa ndani ya kikapu na kunipigia makofi nikipita. Vingine vimeanza kunyauka vikiwa na vichipukizi vyake, hivyo nimeviacha. Sijui ni vingapi vitashika. Mashimo yapo tayari, trekta lilichimba vizuri, angalau hilo.

Ukitaka kuja, njoo, kuna kazi ya kuinama na mimi kiuno changu unakijua. Hutakaa chumba cha nyuma, hatuna. Ila namna ya kumfunga mtoto mgongoni hutanifundisha, na kifungo cha shati nimekihamisha.

Mbegu za viazi usilete.

Mke wa mdogo wako